Forodha, Manowari na Milima: Mapambano ya Tanga ya Septemba 1888 na Usambara

Tarehe 5 Septemba 1888 mashua ya manowari ya Kijerumani iitwayo Möwe ilikaribia ufuko wa Tanga, nayo ikapigwa risasi na watu wa pwani. Kesho yake mji ulipigwa mizinga, na askari wa majini wakashuka nchi kavu. Kwa kipimo cha vita vya karne ile, tukio hilo lilikuwa dogo. Hata hivyo, lililogombewa halikuishia ufukweni. Lilihusu pia Milima ya Usambara na watawala wake, Wakilindi.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa forodha. Kwa mkataba wa tarehe 28 Aprili 1888, Seyyid Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa bandari za Mrima. Mwezi Agosti, huko Pangani, mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, alishikilia kwamba bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali alipokataa, askari wa manowari Carola walishushwa mjini. Tanga haiko mbali na Pangani. Mashua ya Möwe ilipotokea, haikuonekana kuwa ya wageni wa kawaida.

Ili kuelewa jinsi jambo hilo lilivyohusu milima, yafaa kukumbuka mahali alipokaa Semboja. Mwana huyu wa Kimweri ya Nyumbai hakufanya makao yake Vugha, mji mkuu wa kale ulioko mlimani, bali Mazinde, bondeni, penye njia ya misafara. Tangu Kimweri alipofariki mwaka 1862, ugomvi wa warithi wake uliamuliwa zaidi na zaidi kwa bunduki. Pembe za ndovu na watumwa waliteremshwa pwani. Nguo, bunduki na baruti zikapandishwa. Hivyo basi, aliyeshika forodha za Pangani na Tanga alishika pia mlango wa nguvu za Mazinde.

Kwa sababu hiyo, msukosuko wa pwani ulifika bara upesi. Hans Meyer na Oscar Baumann walikuwa wakisafiri Usambara mwaka huohuo. Wapagazi wao waliwatoroka, na sehemu ya mizigo yao ikaangukia mikononi mwa Semboja. Waliporudi kuelekea Pangani walikamatwa, wakatiwa minyororo, na hawakuachiliwa na Bushiri bin Salim mpaka fidia ilipolipwa.

Möwe iliweza kuupiga mji, lakini haikuweza kuutawala. Kabla ya mwaka kwisha, kampuni ilikuwa imebakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Ndipo, kuanzia tarehe 2 Desemba 1888, manowari za Ujerumani na Uingereza zilipoizingira pwani ili kuzuia silaha na biashara ya watumwa. Hatimaye Hermann von Wissmann, akiwa na askari walioandikwa Misri na Msumbiji, aliziteka Pangani na Tanga Julai 1889. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo. Milima nayo haikuchelewa kufuata: Semboja alikubali mamlaka ya Wajerumani, na mwaka 1895, alipofariki, Mputa, mtawala wa Vugha, alinyongwa nao. Manowari haipandi mlima, lakini mlima uliofungiwa njia ya bahari hauwezi kusimama peke yake kwa muda mrefu.

Kwa taaluma ya Kiswahili, somo lililopo ni la vyanzo. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alizisimulia habari hizi katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, ambao jina lake lenyewe latazama kutoka pwani. Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, aliyepata kuwa karani wa Semboja na baadaye liwali wa Tanga chini ya Wajerumani, aliandika Habari za Wakilindi kwa nathari, akizifuata nasaba na vita vya mlimani. Mara nyingi utenzi husomwa kama fasihi ya Mrima, na Habari kama historia ya Usambara. Mgawanyo huo ni wa wasomaji. Wafanyabiashara, wapagazi na makarani wa wakati ule hawakuujua. Asomaye kitabu kimoja bila kingine atazisikia risasi za Tanga, lakini hatajua kwa nini Mazinde ilizisikiliza.