Mwanzo mgumu wa riwaya: ubishi wa wasomaji juu ya kazi ya Steven Erikson

1. Kazi yenyewe

Malazan Book of the Fallen ni mfululizo wa riwaya kumi za Steven Erikson, mwandishi wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1959 na kusomea akiolojia na anthropolojia. Juzuu ya kwanza, Gardens of the Moon, ilitoka mwaka 1999. Ya mwisho, The Crippled God, ilitoka mwaka 2011. Zote pamoja zina maneno zaidi ya milioni 3. Zinasimulia vita vya milki ya kubuni iitwayo Malazan, pamoja na miungu, wachawi na mataifa ya kale yanayoizunguka.

Tangu mwanzo wasomaji wamegawanyika. Wako wanaoiacha juzuu ya kwanza kabla ya kufika katikati, na wako wanaozirudia juzuu zote kumi. Mwandishi mwenyewe, katika dibaji aliyoiongeza baadaye kwenye juzuu ya kwanza, aliutaja mgawanyiko huo na kuutetea uamuzi wake. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya ubishi huo. Swali lenyewe si dogo: anayekifunga kitabu amekosa subira, au ni mtunzi aliyemkosea msomaji wake?

2. Habari inayodhaniwa kujulikana

Sarufi ya Kiswahili yatoa mfano unaofaa. Mtu akisema “Juma alileta kitabu”, kitabu hicho chaweza kuwa kinatajwa kwa mara ya kwanza. Akisema “Juma alikileta kitabu”, kiambishi -ki- kwa kawaida chaonyesha kwamba msemaji na msikilizaji wamekwisha kukijua. Anayeisikia sentensi ya pili bila kutanguliziwa neno atauliza: kitabu kipi?

Gardens of the Moon husema kwa namna ya sentensi ya pili tangu kurasa za kwanza. Mvulana aitwaye Ganoes Paran amesimama juu ya ngome na askari mzoefu. Panatajwa watawala na majeshi ambayo msomaji hajaelezwa. Mara miaka imepita, na masimulizi yamehamia kwa binti wa wavuvi katika nchi ya Itko Kan. Kisha kwenye mji wa Pale uliozingirwa na jeshi. Kisha Darujhistan, mji wenye kundi jipya la wahusika. Nguvu za uchawi hutumiwa mara nyingi kabla ya kufafanuliwa. Orodha ya majina na faharasa zipo, lakini hutaja kuliko zinavyoeleza. Na msomaji aliyekwisha kuzoea hapelekwi mbele kwa njia ile ile: juzuu ya pili, Deadhouse Gates (2000), yamhamishia bara jingine lenye wahusika wengi wapya, na ya tano, Midnight Tides (2004), yafanya hivyo tena.

Sababu yapatikana katika historia ya kazi hii. Erikson na rafiki yake Ian Cameron Esslemont, naye mwanaakiolojia, waliuunda ulimwengu huo tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya mchezo ambamo kila mchezaji huchukua nafasi ya mhusika. Hivyo wahusika walikuwa na maisha marefu kabla ya kuingia kitabuni. Tena Gardens of the Moon iliandikwa kwanza kama muswada wa filamu, na filamu huonyesha kuliko inavyoeleza.

3. Hoja za pande mbili

Watetezi husema kwamba mgeni afikaye nchi ya watu hapewi maelezo ya kila jambo. Huishi, husikiliza, na polepole hufahamu. Mtunzi anayeacha kueleza amemheshimu msomaji. Husema pia kwamba tendi za kale nazo huanza katikati ya mambo.

Hoja hii ya mwisho yahitaji kupimwa. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, mashariki mwa Kongo, ulisimuliwa mbele ya watu waliokwisha kumfahamu shujaa. Ndiyo maana msimulizi aliweza kuteua sehemu moja tu na wasikilizaji wasipotee. Katika tenzi nyingi za Kiswahili, mtunzi humtaja Mungu, huomba wino na karatasi, kisha hutangaza atakayoyasimulia. Msomaji wa Erikson hana ujuzi wa wale wa kwanza, wala hakupewa tangazo la hawa wa pili.

Hapo ndipo wapinzani husimama. Kwao, kumdai mtu mamia ya kurasa kabla ya kumpa sababu ya kumpenda mhusika hata mmoja ni deni lisilo na dhamana.

4. Ugumu wa aina mbili

Ubishi hauishi kwa sababu kila upande wazungumzia ugumu wake. Kipimo kilicho wazi ni usomaji wa pili. Mwanzoni mwa kitabu viumbe wawili wa kivuli, Ammanas na Cotillion, wamteka yule binti wa wavuvi. Kwa msomaji mpya ni fumbo tupu. Anayejua kwamba ndio mfalme mkuu wa zamani na mwenzake, waliodhaniwa kufa, huona kisasi cha kisiasa mahali alipoona uchawi tu. Giza hilo lilikuwa na kazi. Lakini mapenzi ya Paran na mchawi Tattersail, yanayochipuka kwa haraka mno, hayapati nuru mpya hata yakisomwa mara ya pili. Huo ni upungufu wa ufundi, na subira haiuponyi.

Kwa hiyo watetezi hukosea wanapouita kila ugumu kina, na wapinzani hukosea wanapouita kila ugumu kasoro. Hata hivyo mizani haiko sawa kabisa: thamani ya ugumu wa kwanza huonekana kwa aliyefika mwisho tu, na mwisho uko mbali. Msomaji anayekiweka kitabu chini hajathibitisha kwamba kitabu ni kibaya, wala kwamba yeye ni mvivu. Amekataa mkopo ambao hakuonyeshwa faida yake, na mhakiki wa haki hana budi kumwachia haki hiyo.