Kulinda Shamba Usiku na Kurudi Nyumbani Salama



Mahindi yakianza kukomaa, wakulima wengi wanaopakana na mbuga ya Tsavo huhamia shambani usiku kuzuia ndovu. Kazi hii haikwepeki, maana ndovu wachache wanaweza kumaliza chakula cha familia kwa usiku mmoja. Lakini ndovu huyo huyo akishtuka anaua. Basi tuangalie namna ya kulinda bila kupoteza mtu.

Kwanza, tujue kinachomleta. Ndovu hatafuti mtu, anatafuta chakula. Pua yake ni kali sana, hata mahindi yaliyo ndani ya nyumba huyanusa, na kuta zimebomolewa kwa sababu hiyo. Kwa hivyo tusilale chumba kimoja na magunia ya nafaka.

Pili, pa kulala. Usilale chini katikati ya mahindi, wala kwenye njia ya ndovu. Jengeni dungu imara pembeni, upande wa nyumbani, ili njia ya kukimbilia iwe wazi. Mtu asilinde peke yake. Na pombe shambani, hapana!

Tatu, mkimsikia. Pigeni madebe na kuwasha tochi mkiwa pamoja, tena mkiwa mbali. Msimfuate gizani. Msimzunguke, mwachieni pa kutokea. Msimpige mshale, kwa sababu ndovu aliyeumia ni hatari kuliko mwenye njaa. Mbwa naye abaki nyumbani. Akifukuzwa hukimbilia kwa mwenyewe, na ndovu yuko nyuma yake.

Nne, moshi wa pilipili. Changanyeni mavi ya ng'ombe na pilipili kali iliyosagwa, mfanye matofali, myaanike. Usiku yachomeni upande upepo unakotoka, ili moshi upite shambani. Ndovu hawaupendi kabisa.

Tano, ua wa nyuki. Hii ndiyo kazi hasa ya kikundi. Huko Sagalla, Taita-Taveta, wakulima hutundika mizinga kuzunguka shamba, kila baada ya mita 10, na kuiunganisha kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Ua huu hauzuii kila ndovu, lakini huwarudisha wengi, na asali inauzwa.

Ajali ikitokea, pigeni ripoti KWS upesi, na mweke majina ya mashahidi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo na milioni 3 kwa kilema cha kudumu. Lakini familia nyingi zimengoja pesa hizo miaka mingi.

Kwa hivyo, ndovu akishaingia shambani na hamwezi kumtoa mkiwa mbali, mwacheni ale. Mahindi tutapanda tena msimu ujao. Baba wa watoto hapandwi.

Kikundi chenu kiketi sasa, kabla ya mvua, kipange zamu.