Kifaa cha Fundi wa Kando ya Barabara: Kikubaliwe Mashindanoni?



Busia na Malaba ndiko ilikozaliwa boda boda. Tangu miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walibeba watu na mizigo kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita abiria "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Leo pikipiki ndizo nyingi, lakini baiskeli ya chuma tunayoiita Black Mamba bado iko kazini kutoka Busia hadi Tororo. Asubuhi humpeleka mtu kiwandani au shambani, jioni hubeba mahindi ya kusaga. Siku ya sikukuu, baiskeli hiyo hiyo huingia mashindanoni.

Hapo ndipo ubishi huanza. Baiskeli ikitoka dukani ni Raleigh, Hero au Phoenix. Ikikaa barabarani miaka kumi, nusu yake imekuwa ya fundi. Keria imechomelewa kwa nondo. Uma wa mbele umeongezewa vyuma viwili ili uvumilie mzigo. Raba ya breki imekatwa kwenye tairi kuukuu la gari, na pedeli ni ya mti. Je, baiskeli kama hiyo ishindane?

Wako wanaosema: vifaa vya dukani peke yake. Hoja yao si ya kudharauliwa. Bomba la fremu ni jembamba, na moto mkali wa kuchomelea hulidhoofisha. Ufa huanzia kando ya weldi, mahali ambapo rangi imeuficha. Uma ukikatika mteremkoni, anayeumia si mwenye baiskeli peke yake, bali na wanaomfuata nyuma. Tena wanasema, mwenye rafiki karakana atachongewa gurudumu la cheni ambalo mwingine hawezi kulipata.

Wengine hujibu: mkikataza vya fundi, mmemkataza mfanyakazi. Mshahara wa kibarua haununui baiskeli mpya kwa ajili ya mbio za siku moja. Watakaobaki uwanjani ni watoto wa wenye maduka.

Ubishi huu umewafikia hata wakubwa wa dunia. Mwaka 1993 Graeme Obree, mtu wa Scotland, alijitengenezea baiskeli kwa mikono yake na kuitilia beringi za mashine ya kufulia nguo. Mwezi wa Julai, mjini Hamar, Norway, aliendesha kilomita 51.596 kwa saa moja, akavunja rekodi ya ulimwengu. Mwaka 1994, katika mashindano ya dunia huko Palermo, Italia, wakuu wa chama cha baiskeli cha ulimwengu, UCI, walikataza namna yake ya kukaa na mikono imekunjwa chini ya kifua. Obree aliarifiwa ikiwa imebaki saa moja tu kabla ya mbio. Alipokataa kubadilisha, waliondoa jina lake.

Ndugu, aliyekata miwa anaujua uchungu huo. Ni sawa na msimamizi anayerefusha kamba ya kupimia kazi wakati jua linatua.

Lakini UCI wana kanuni nyingine yenye mafunzo kwetu. Wanataka vifaa vya mashindano viwe vya aina inayouzwa kwa mtu yeyote. Tutazame kanuni hiyo kwa macho ya Busia. Keria ya fundi wa kando ya barabara inauzwa kwa yeyote mwenye pesa yake. Mteja yeyote anaweza kusimama pale akaagiza kama ya jirani. Kumbe kisichouzwa ni kile kilichochongwa kwa siri karakana na rafiki. Basi swali la haki si "kimetoka dukani?" bali ni "je, mwenzako anaweza kukipata, na kitashika?"

Kwa hiyo nashauri matawi yetu ya pande zote mbili za mpaka yakubaliane hivi. Kwanza, kifaa cha fundi kiruhusiwe, mradi kionyeshwe wazi kwa wote wiki mbili kabla ya mbio, na atajwe fundi aliyekitengeneza, ili mwingine aweze kuagiza. Pili, fremu au uma uliochomelewa ukwanguliwe rangi penye weldi, ukaguliwe na mafundi wawili wasioshindana. Tatu, breki zijaribiwe mteremkoni rimu zikiwa zimelowa maji, maana raba inayoshika kavu huteleza wakati wa mvua. Nne, anayetumia baiskeli ya duka apite ukaguzi ule ule. Baiskeli mpya nayo hutoka na nati zisizokazwa.

Kanuni hizo ziandikwe, zibandikwe langoni mwa kiwanda na penye mizani ya shamba mwezi mzima kabla ya mbio. Baada ya hapo asiwepo wa kuzibadilisha, hata akiwa ndiye mtoa zawadi.

Wajumbe, leteni maoni ya wanachama katika mkutano ujao wa tawi. Na mafundi waitwe, wasikilizwe. Wao ndio wanaojua weldi ipi hukatika.