Daftari la Pamoja: Nani Aandike, Nani Asome



Mwezi Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, watu wa Tungue walitawanyika. Wengine walikimbilia Quitunda, wengine Nangade na Mueda, wengine wakafika Pemba kwa boti. Vyeti, mikataba na hati za mishahara za watu wengi zikapotea. Na mfanyakazi asiye na karatasi hupata taabu kubwa kudai haki yake.

Kwa sababu hiyo, daftari la pamoja la intaneti linafaa kufahamika kwetu. Viko vifaa vya namna hiyo kama Airtable na Baserow. Daftari lenyewe hukaa katika kompyuta ya mbali. Katibu aliye Palma na mwenziwe aliye Pemba hulifungua kila mmoja mahali pake, na anachoandika mmoja, mwingine hukiona. Nyumba ikiungua, daftari haliungui.

Kwanza, tuelewe majedwali. Kanuni ni moja: kila jedwali lishike jambo moja. Jedwali la kwanza liwe la sehemu za kazi: shamba la minazi, kiwanda cha korosho, ghala. Jedwali la pili liwe la mashauri: nambari ya shauri, tarehe, aina yake, limefikia wapi. Kisha yaunganishwe. Katika mstari wa shauri huandiki upya habari zote za kiwanda. Unachagua kiwanda hicho kutoka jedwali la kwanza. Meneja akibadilishwa, unasahihisha mahali pamoja tu, na mashauri yote ya kiwanda hicho yanaonyesha sahihisho hilo.

Faida yake ni nini? Tuchukue mfano wa INSS. Mchango ni asilimia 7 ya mshahara: mfanyakazi hukatwa 3, mwajiri huongeza 4. Mwenye mshahara wa metikali 10,000 hukatwa 300, na mwajiri hutoa 400. Jumla 700 zinapaswa kufika INSS kila mwezi. Tuseme katika jedwali la mashauri tumeweka safu ya fedha iliyokatwa na safu ya fedha iliyofika. Mtu mmoja akisema hazikufika, mwajiri atajibu kwamba karani alikosea. Lakini mistari 20 ya kiwanda kimoja, miezi ile ile, ikionyesha 300 zimekatwa na sifuri imefika, hilo si kosa la karani tena. Hilo ni shauri la wote.

Pili, tuangalie ruhusa. Vifaa hivi vina daraja. Yuko mwenye daftari, anayeweza kuongeza watu na kuwaondoa. Yuko anayebadili umbo la majedwali. Yuko anayeandika mistari tu. Yuko anayetoa maoni, na yuko anayesoma bila kugusa kitu. Kila mtu apewe kile ambacho kazi yake inakihitaji, basi. Wenye daftari wawe wawili, wala wasipungue, maana mmoja akiugua au akikimbia vita, funguo zisipotee naye. Mjumbe akimaliza muda wake, ruhusa yake ifungwe siku ile ile. Wala watu watano wasitumie neno moja la siri, kwa kuwa hapo hamtajua nani amefuta nini.

Tahadhari: kuficha si kufunga. Katika Airtable, safu uliyoificha kwenye mwonekano mmoja inaweza kufunuliwa na yeyote aliyeruhusiwa kuingia katika daftari hilo. Jambo la siri lisiwekwe humo kabisa. Na kile kiungo cha kushirikisha kinachotumwa kwa simu kinaweza kumfungulia ukurasa kila anayekipata, hata msimamizi wa mwajiri.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004, ibara ya 71, inakataza kutumia kompyuta kuandikisha habari za mtu anayetambulikana kuhusu siasa yake, dini yake, maisha yake ya faragha, na uanachama wake katika chama cha siasa au cha wafanyakazi. Ibara hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya kuona habari zake zilizokusanywa na kudai zisahihishwe. Kwa hiyo orodha ya wanachama kwa majina haina nafasi katika intaneti. Orodha hiyo ikimfikia mwajiri mbaya, huwa ni orodha ya watu wa kufukuzwa.

Basi tufanyeje? Daftari la intaneti lishike nambari: Shauri la 14, Shauri la 15. Majina yabaki katika kitabu cha karatasi, nakala mbili, zikafungiwe katika nyumba mbili zilizo mbali. Picha ya hati ya mshahara yenye jina isitiwe katika jedwali. Na mahali penye mwanamke mmoja tu kazini, msiandike "mwanamke", kwani neno hilo peke yake ni sawa na kumtaja.

Kabla ya kufungua daftari, tawi likutane na kujibu maswali matatu: tunaandika nini, nani aandike, nani asome? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na kila mwanachama ayajue. Siri ya mfanyakazi ni amana, na mwenye kuishika ataulizwa.

Umoja ni nguvu.