Mada ya 9: Mchezo wa Mtoto na Makubaliano ya Walezi

Ikiwa uko jikoni, dukani au unangoja zamu yako ya maji, vuta redio karibu. Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni mchezo wa mtoto na sisi watu wazima tunaousimamia.

Nianze na kisa. Katika ule ukame uliotushika kuanzia mwaka wa 2020, mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo, nyanya mmoja alimleta mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu. Utepe wa kupima mkono ulionyesha rangi nyekundu. Alilazwa, akapewa maziwa ya tiba, akaanza kupata nguvu. Asubuhi moja alishika kikombe cha bati akakigonga kitandani: ta! ta! ta! Mimi nikamnyang'anya ili wodi itulie. Nyanya akaniambia polepole, "Sista, huyu alikuwa amesahau kucheza. Mrudishie."

Nilimrudishia kwa aibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu utapiamlo mkali una hatua 10. Hatua ya 9 ni kumchangamsha mtoto kwa upendo na mchezo, dakika 15 hadi 30 kila siku. Mimi nilikuwa nimeisoma, lakini nyanya ndiye aliyeikumbuka.

Je, mchezo hujenga nini? Mtoto anapogonga, kuficha, kurusha na kuigiza, ubongo wake unajifunza kufikiri, kusema na kuishi na wenzake. Katika miaka ya 1980 mjini Kingston, Jamaica, watafiti waliwafuata watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya saa moja kila wiki kwa miaka miwili, mama akionyeshwa jinsi ya kucheza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mikono. Miaka 20 baadaye, wale waliochezeshwa walikuwa wakipata mapato makubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakuchezeshwa.

Tena mchezo ni haki. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka wa 1989 unaitaja katika kifungu cha 31. Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, na Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inailinda haki hiyo.

Sasa tatizo liko wapi? Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mtoto wetu wa Isiolo hupita mikononi mwa mama, nyanya, yaya, mwalimu wa chekechea, mwalimu wa duksi na sisi wauguzi. Mmoja anamwambia cheza, mwingine anamchapa kwa kuchafuka. Mtoto ashike lipi? Kule Uingereza, wanaofanya kazi ya kusaidia watoto kucheza waliandika kanuni nane mwaka wa 2005, ili wote wafuate njia moja. Kubwa ndani yake ni kwamba mtoto mwenyewe ndiye anayeuongoza mchezo wake. Nasi tunaweza kuwa na makubaliano yetu. Mimi napendekeza haya matano:

1. Mchezo ni wa mtoto. Akifanya kijiti kuwa ngamia, usimwambie ni kijiti. Keti karibu, jibu akikuita, usimpokonye uongozi.

2. Tuondoe hatari, tusiondoe mchezo. Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Jiko la makaa na pipa la maji visiwe karibu na watoto. Wasicheze kwenye laga wakati wa mvua, hata kama hapo ulipo mbingu ni safi, kwani maji hutoka mbali. Lakini kukimbia, kuparamia na kuchafuka kwa udongo tuwaachie, kisha tunawe mikono kwa sabuni.

3. Mchezo usiwe adhabu. Mtoto hanyimwi mchezo kwa kukojoa kitandani, wala hapigwi kwa kuchafua nguo.

4. Kila mtoto acheze. Msichana asiteke maji huku kaka yake akicheza mpira siku nzima. Mtoto mwenye ulemavu atolewe nje na wenzake. Na watoto wa Kiborana, Kiturkana, Kisomali, Kisamburu na Kimeru wacheze pamoja; chuki hawazaliwi nayo.

5. Tuangalie na tuambiane. Mchezo ni kipimo. Mtoto aliyeacha kucheza ghafla huenda anaumwa, ana njaa au ameumizwa na mtu. Yaya amwambie mama, mama amwambie muuguzi, na siri ya mtoto isipelekwe kwa majirani. Akiwa amelegea, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu au amepata degedege, usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja.

Mama mmoja aliniuliza, "Sista, mimi sina pesa za vichezeo, nifanyeje?" Mama, tumia ulivyo navyo. Chupa tupu yenye vijiwe, iliyofungwa kabisa, ni kayamba. Sufuria na kijiko ni ngoma. Leso ni ya kujifichia uso. Angalia tu kwamba mtoto wa chini ya miaka mitatu hapati kitu kidogo kinachoweza kuingia chote mdomoni, maana kitamkaba. Na kichezeo kinachopita vyote ni uso wako mwenyewe unapomwimbia ukimnyonyesha.

Basi wiki hii, keti na wote wanaokusaidia kulea, hata ikiwa ni nyanya na yaya tu. Wasomee haya matano, msikie wanasemaje, mkubaliane. Nami nimeshaanza: kikombe cha bati hakinyang'anywi tena wodini.