MUME ANACHEZA, MKE HARUHUSIWI KUTAZAMA!

Hebu fikiria, msomaji. Mume yuko fainali ya michezo ya Paralimpiki. Mkewe yuko naye humo humo uwanjani, hatua moja tu mbele yake. Ukumbi mzima umetoa macho kuona mpira unabingirika kuelekea wapi. Mke peke yake ndiye hauoni! Uwanja kaupa mgongo, anamtazama mumewe usoni, na mdomo kaufunga. Akigeuka kuchungulia, hata kidogo, mpinzani anapewa mpira wa adhabu.

Usidhani hii ni hadithi ya kijiweni. Mume ni Grigorios Polychronidis wa Ugiriki, mtu ambaye misuli ya mwili wake imedhoofika kwa maradhi. Mke ni Katerina Patroni, naye ndiye msaidizi wake uwanjani. Mwaka 2016 kule Rio de Janeiro bwana huyu alifika fainali, akashindwa na Mkorea Jeong Ho-won. Mwaka 2021, kwenye michezo ya Tokyo, akaingia fainali tena na kuondoka na medali ya fedha.

Sasa utauliza: mchezo gani huo ambao mtu asiyeweza hata kurusha jiwe anakuwa wa pili duniani? Na huyo mkewe amekosa nini hata azibwe macho na mdomo?

Twende taratibu.

NI KAMA GOLOLI

Mchezo unaitwa boccia, hutamkwa "bocha". Uliingia Paralimpiki mwaka 1984. Kama utotoni uliwahi kucheza gololi, basi nusu yake unaijua tayari.

Kuna mpira mmoja mweupe, huo ndio shabaha. Upande mmoja una mipira 6 myekundu, upande wa pili 6 ya buluu. Mweupe ukishatupwa uwanjani, kila mtu anahangaika wa kwake ulale karibu nao, au ausukumie mbali wa mwenzake. Ambaye mpira wake uko mbali zaidi ndiye anayeendelea kucheza, mpaka ampite mwenzie au mipira yake iishe. Mwisho wa mzunguko zinahesabiwa pointi. Mchezo wa mmoja kwa mmoja una mizunguko 4.

Uwanja una urefu wa mita 12.5 na upana wa mita 6. Mpira wenyewe ni laini kiasi, una uzito wa gramu 275 hivi, na ukubwa wake ni kama chungwa lililoshiba. Kila mchezaji huja na yake. Wapo wanaopenda migumu inayokwenda mbali, wapo wanaopenda milaini inayotua na kutulia.

Wote wanacheza wameketi, wengi wao kwenye viti vya magurudumu. Wamegawanywa madaraja manne, BC1 hadi BC4. Wapo wanaorusha kwa mkono, wapo wanaopiga kwa mguu. Lakini lipo daraja la BC3, na hawa ndio ninaotaka tuwazungumze leo. Hawa mikono na miguu yote imegoma. Kurusha hawawezi, kupiga teke hawawezi.

Basi bwana, kwao ndipo kilipoingia kifaa.

GATA ISIYOKINGA MAJI

Ukikitazama mara ya kwanza utasema ni gata ya kukingia maji ya mvua imesimamishwa wima halafu ikapindwa chini. Ni mteremko. Mpira unawekwa juu, ukiachiwa unashuka na kubingirika uwanjani. Ukiuweka juu sana unakwenda mbali, ukiuweka chini unaishia karibu. Ukiugeuza mteremko kushoto, mpira nao unakwenda kushoto.

Anayeuachia mpira ni mchezaji mwenyewe. Mwenye kidole kimoja kinachosikia anatumia hicho hicho. Asiye na kidole anavaa mkanda kichwani wenye fimbo mbele, anausukuma mpira kwa kuinamisha kichwa. Mwingine fimbo anaing'ata mdomoni.

Na sheria ni kali. Kifaa kisiwe na mota wala springi ya kuusukuma mpira. Kisiwe na darubini wala taa ya kulengea. Kikilazwa ubavu kiingie katika eneo la mita 2.5 kwa mita 1. Tena mpira unapoondoka lazima uwe umeguswa na mchezaji, au na ile fimbo aliyoivaa. Maana yake ni kwamba kifaa kinabeba mpira tu. Akili, macho na hesabu ni za mwenye mchezo.

BOSI NI ALIYEKETI

Sasa turudi kwa yule mke.

Mteremko ni mzito kwa mtu asiyeweza kuinua mkono, kwa hiyo sheria inampa msaidizi. Msaidizi anausogeza, anaupandisha, anauweka mpira pale anapoambiwa. "Kulia kidogo. Zaidi. Hapo." Asiyeweza kusema anaelekeza kwa macho au kwa ishara walizopatana. Lakini msaidizi haruhusiwi kutazama mchezo mpaka mzunguko uishe, wala kutoa ushauri. Anafuata amri tu!

Kwa nini? Kwa sababu binadamu tunajijua. Ukimwacha msaidizi aone, dakika ya pili ataanza: "Weka hapa bwana, wewe huoni!" Dakika ya tano atakuwa anacheza yeye, na mlemavu amegeuka mtazamaji wa mchezo wake mwenyewe.

Waliotunga sheria hii walilijua hilo. Wakasema, anayesaidia atoe mikono, ubongo wake auache nje.

Ndiyo maana Jeong Ho-won akishinda hakuna wa kusema amebebwa. Mkorea huyu alichukua dhahabu Rio mwaka 2016, akaichukua tena Paris mwaka 2024 kwa kumshinda Daniel Michel wa Australia. Kila mpira aliupanga kichwani mwake.

TUJE NYUMBANI

Sasa msomaji wangu, tusiishie Paris. Yupo mtoto mtaani kwako mwenye mtindio wa ubongo, mikono imekakamaa, maneno hayatoki vizuri. Pengine ni wa kwako. Analishwa, anaogeshwa, anavalishwa. Akiulizwa kitu, mama anajibu. Wageni wakija, anarudishwa chumbani. Watu wanaompenda wanamfanyia kila kitu, ila hakuna anayemuuliza, "Wewe unatakaje?"

Mtoto huyo hahitaji kusubiri kifaa cha ndege kutoka Ulaya. Mpira wa boccia una upana wa sentimita 8 na nusu hivi, kwa hiyo unaingia kwenye bomba la plastiki la inchi 4. Nenda kwa fundi bomba, akupasulie bomba hilo katikati kwa urefu, kingo azipige msasa zisikate vidole. Liegemeze kwenye kiti, lifunge lisiyumbe. Sakafu ya saruji inatosha. Mipira ukikosa, anza na yoyote ya ukubwa wa chungwa. Hata machungwa yenyewe! Tafuta moja la rangi tofauti liwe shabaha.

Tahadhari moja tu. Fimbo ya kichwani usiibuni mwenyewe kabla ya kumwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo, maana shingo si kitu cha kujaribia. Anza na kidole, kiwiko, au hata kidevu. Na mtoto aketi vizuri, mgongo umeegemezwa na miguu imekanyaga.

Halafu inakuja kazi ngumu kuliko kupasua bomba. Simama mbele yake, uwape mgongo wale machungwa, umtazame usoni. Muulize: kushoto au kulia? Juu au chini? Halafu nyamaza. Atachelewa, mwache achelewe. Atakosea, mwache akosee. Mdomo utakuwasha kweli kweli, lakini vumilia!

Kama Katerina anaweza kuvumilia kwenye fainali ya dunia, na mumewe anagombea medali nyuma ya mgongo wake, wewe utashindwaje hapo uani kwako?