Funga jeraha kwanza, halafu beba: namna ya kuzuia damu nyingi



Mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea mamia ya majeruhi kwa muda mfupi. Waganga na wauguzi, pamoja na wale wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (CICR), walifanya kazi mchana na usiku. Lakini mganga anaweza kumpasua na kumtibu yule tu aliyefika akiwa hai. Kabla ya meza ya upasuaji kuna njia ya kutoka shambani, sokoni au barabarani, na katika njia hiyo aliye karibu na majeruhi ni jirani, shemasi, mama anayeuza ndizi au kijana wa pikipiki. Tunaandika kwa ajili yao.

Kwa nini damu huua upesi

Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, kama kibidoni kimoja cha mafuta ya mawese. Akipoteza lita 2, maisha yake yako katika hatari kubwa. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa kwa panga au risasi, anaweza kufa kwa dakika chache tu.

Jeraha dogo hujifunga lenyewe kwa sababu damu ina uwezo wa kuganda. Katika jeraha kubwa damu hutoka kwa nguvu na kulisukuma nje lile bonge kabla halijashika. Mkiona damu inaruka, au inafanya dimbwi chini, au inalowesha nguo bila kukoma, msingoje. Hiyo ni damu ya kuua.

Kompresi za kugandisha damu

Siku hizi tunasikia habari za kompresi za pekee ambazo zinazuia damu. Ni kweli zipo, na inafaa tuelewe zinavyofanya kazi.

Moja ya zile za kwanza, iliyojulikana tangu mwaka 2002 kwa jina la QuikClot, ilikuwa chembechembe za madini yanayoitwa zeoliti. Zilimwagwa ndani ya jeraha na kufyonza maji ya damu. Zilisaidia, lakini zilitoa joto kali na kuunguza nyama ya majeruhi. Kwa hiyo zikabadilishwa. Tangu mwaka 2008 jeshi la Marekani lilichagua kompresi ndefu ya kitambaa iliyotiwa kaolini. Kaolini ni udongo mweupe uliosafishwa. Unapogusa damu, unaamsha protini iitwayo fakta ya 12, na hiyo inaanzisha kazi ya kuganda kwa haraka zaidi.

Aina nyingine hutumia kitosani, kitu kinachotengenezwa kutokana na maganda ya kamba na kaa. Kitosani kina chaji ya umeme iliyo kinyume na ile ya chembe nyekundu za damu, kwa hiyo huzivuta na kuzishikanisha kama gundi.

Hapa tuonye jambo moja. Udongo mweupe unaouzwa sokoni, ule ambao mama wengi wajawazito hupenda kula, si dawa ya jeraha. Haukusafishwa, na unaweza kuleta pepopunda. Vivyo hivyo majivu, kahawa na majani yaliyotafunwa: visiwekwe ndani ya jeraha.

Nguvu iko katika mikono

Watu wengi wanafikiri kwamba kompresi ya namna hiyo ikiwekwa juu ya jeraha, damu itakoma yenyewe. Sivyo. Ni lazima iingizwe mpaka pale damu inapotokea, halafu ikandamizwe kwa nguvu kwa dakika 3 hivi. Bila kukandamiza, hata ile ya bei kali itachukuliwa na damu.

Kompresi moja ya kaolini inaweza kugharimu makumi ya dola, na parokia nyingi za vijijini haziwezi kuinunua. Tusikate tamaa. Katika majaribio kadhaa kwa nguruwe, kompresi ya kawaida iliyojazwa vizuri ndani ya jeraha na kukandamizwa ilifanya kazi iliyokaribiana na ile ya pekee. Tofauti ni kwamba ile ya kawaida inahitaji kukandamizwa muda mrefu zaidi, angalau dakika 10. Pasipo kompresi, kitenge safi kinaweza kuokoa mtu.

Hatua za kufuata

1. Angalieni kwanza usalama wenu. Kama risasi bado zinapigwa, mtoeni majeruhi mahali pa hatari. Vaeni glovu, au funikeni mikono kwa mifuko ya plastiki. Sisi tulioishi wakati wa Ebola huko Beni na Butembo tunajua kwa nini damu ya mtu haiguswi kwa mikono mitupu.

2. Kateni nguo ili muone jeraha lenyewe. Kandamizeni mara moja, huku mwingine akitafuta pikipiki au gari.

3. Kama ni mkono au mguu na damu ni nyingi, fungeni garo, yaani mkanda wa kukaza, sentimeta 5 mpaka 7 juu ya jeraha, si juu ya kiungo cha goti au kiwiko. Kama hamna garo ya hospitali, tumieni kitambaa kipana na kipande cha mti cha kuzungushia. Kamba nyembamba hukata nyama. Kazeni mpaka damu ikome, itauma sana. Andikeni saa mliyofunga, wala msiilegeze njiani.

4. Kama jeraha liko kwenye kinena, kwapa au shingo, garo haiwezi kufungwa. Hapo ndipo kompresi za kugandisha damu zina faida kubwa. Jazeni kompresi kwa kidole ndani kabisa, kidogo kidogo, mpaka jeraha lijae. Kandamizeni kwa mikono miwili na uzito wa mwili. Lakini kama ni shingo, upande wa jeraha tu, bila kuziba njia ya hewa. Msiinue mkono kuchungulia. Damu ikipenya, ongezeni kitambaa juu na mkandamize zaidi. Kisha fungeni bandeji kwa nguvu, isipokuwa shingoni: huko msizungushe bandeji, endeleeni kushika kwa mkono.

5. Jeraha la kifua au la tumbo lisijazwe kitu. Huyo apelekwe haraka kwa upasuaji. Kisu au chuma kilichobaki mwilini kisitolewe. Kishikizwe kwa vitambaa kisicheze.

6. Mlazeni, mfunikeni asipatwe na baridi, wala msimpe chakula au kinywaji. Kama mlitumia kompresi ya pekee, pelekeni na pakiti yake, ili mganga ajue kilichomo ndani na akitoe.

Tunachojifunza kwa Msamaria

Wengi wetu tumehubiri Luka 10 mara nyingi, tukisifu huruma ya Msamaria. Tutazame pia utaratibu wake katika mstari wa 34. Alimfunga yule mtu majeraha kwanza, ndipo akampandisha juu ya mnyama wake. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: tunampakia majeruhi kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, na damu inamwagika njia yote mpaka hospitali. Tunalia kwamba barabara ni mbaya, na kweli ni mbaya. Lakini mara nyingine mtu huyo angeweza kufika kama mikono miwili ingemkandamiza kabla ya kuondoka.

Wengine wanapita kando kwa hofu ya kuulizwa maswali, au kwa sababu hawajui majeruhi ni wa upande gani. Hofu hiyo tunaielewa. Hata hivyo, Msamaria hakuuliza kabila la mtu aliyelala barabarani.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji na wazee wa kanisa wafanye mambo mawili. La kwanza, waalike muuguzi wa kituo cha afya au watu wa Msalaba Mwekundu baada ya ibada, ili vijana na akina mama wajifunze kwa mikono yao, si kwa kusikia tu. Kipande cha sponji kilichotobolewa kinatosha kwa mazoezi ya kujaza jeraha. La pili, kila parokia iweke sanduku moja lenye glovu, kompresi za kawaida za kutosha, bandeji, mkasi, garo na kalamu. Kama kuna uwezo, waongeze kompresi ya kugandisha damu, wakiangalia kwamba pakiti imefungwa vizuri na tarehe yake haijapita. Ufunguo wa sanduku usibaki kwa mtu mmoja anayeishi mbali.

Mungu awalinde ninyi na jamaa zenu.